Kukadiria Thamani ya Kipakatalishi Kilichotumika Kabla ya Kupunguza Vyombo

Utangulizi

Wengi wetu katika masomo ya uzamili hufikia siku ya kuhama: ufadhili umekwisha, nyumba ya vyumba viwili imegeuka chumba kimoja, na vyombo sharti vipunguzwe. Nilipofikwa na siku hiyo nilikuwa na vipakatalishi viwili na karo ya muhula sijalipa. Dalali wa kwanza alinitajia shilingi 9,000 kwa kimoja nilichokinunua kwa 48,000, na nusura niafiki. Makala hii inaeleza jinsi ya kukadiria thamani ya kifaa kabla ya kufika sokoni.

Bei na thamani

Maneno haya hutumiwa kama visawe, ilhali yanatofautiana. Bei ni kiasi kinachotajwa. Thamani ni manufaa yaliyosalia katika kitu. Risiti yangu ilionyesha bei ya siku ya kununua tu. Mnunuzi hutazama miaka ambayo kifaa kitamfaa yeye.

Mambo ya kupima

Kwanza ni programu endeshi. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na, kwa jumla, prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Kifaa kisichotimiza masharti hayo hushuka thamani hata kikiwa kinang'aa. Pili ni hifadhi: diski ya SSD hufanya kazi kwa kasi kuliko diski ya kuzunguka. Tatu ni betri. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti ya uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ilianza na 50,000 na sasa hujaa kwa 30,000, imesalia asilimia 60. Nne, kagua kiwambo, kicharazio, bawaba na chaja.

Hesabu

Waulize mafundi, wenzako waliouza, na wenye maduka, kwa mfano katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Tafuta bei za vifaa vitatu vya aina moja na chako vilivyouzwa, si vilivyotangazwa tu. Tuseme ni 21,000, 23,000 na 25,000. Wastani ni 23,000. Ondoa gharama ya betri mpya, tuseme 4,000, inabaki 19,000. Taja 21,000 ili kuacha nafasi ya mapatano, na uamue mapema kiwango ambacho hutashuka chini yake. Mimi niliuza kwa 18,000, maradufu ya kauli ya dalali. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hitimisho

Kuna kitu kimoja kisichoingia katika hesabu hiyo. Usiku wa kuamkia mauzo niligundua kwamba sauti za wazee walionighania tenzi nyanjani zilikuwa ndani ya kifaa kile pekee. Nakili kazi yako mahali pawili, hakikisha nakala zinafunguka, kisha futa kila kitu na urejeshe kifaa katika hali ya kiwandani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tulinde habari za watu tunazokusanya. Wazee wale walinipa sauti zao kwa imani. Hazikuwa zangu kuuza.