Mafundi Wakitofautiana, Gitaa Liamue

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mafundi wa magitaa nao ni hivyo hivyo. Huyu anaapa kwamba sauti yote iko kwenye mbao za mgongo. Yule hataki kusikia gundi nyingine isipokuwa ya ngozi. Wa tatu anapanga freti kwa hesabu aliyorithi kwa mwalimu wake na hapendi kuulizwa. Ubishi wenyewe si mbaya. Ubaya ni unapoishia kwenye kununiana, kila mmoja akarudi karakanani kwake na kufa na ujuzi wake. Zifuatazo ni mbinu za kupeana ujuzi na kubishana bila kuvunja udugu.

1. Mpe mwenzako vipimo

Ukimwambia kijana "ubao wa mbele uwe mwembamba", hujamfundisha kitu. Mwambie ni mti gani, unene milimita ngapi, ubao ulikaushwa kwa muda gani, na hewa ilikuwaje siku ya kugundisha. Mbao hunywa unyevu zikatanuka, zikikauka husinyaa. Gitaa lililogundishwa kwenye hewa nzito ya Mombasa linaweza kupasuka uso likipelekwa mahali pakavu. Ndiyo maana mafundi wawili wa miji tofauti wanaweza kupingana na wote wakawa sahihi. Kabla ya kusema "umekosea", uliza kwanza: "Ulifanyia wapi, na kwa mbao gani?"

2. Kinachohesabika, kihesabuni

Zamani mafundi wengi waligawa urefu wa uzi kwa 18 kupata nafasi ya freti ya kwanza, wakagawa kilichobaki kwa 18 tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Kigawanyo sahihi ni 17.817. Chukua uzi wa milimita 650: freti ya 12 inatakiwa iwe katikati kabisa, yaani milimita 325. Ukitumia 18, inaangukia kwenye milimita 322.6 hivi. Wazee hao hawakuwa wajinga, maana uzi ukibonyezwa sauti hupanda kidogo, na upungufu ule ulisaidia kuifidia. Basi mheshimu aliyekufundisha 18, lakini rula na kalamu vimalize ubishi.

3. Kinachosikika, kisikilizwe bila kuonekana

Jicho hulidanganya sikio. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyotofautiana mbao za mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 waliyapiga kwenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya giza, na alama walizoyapa zilikaribiana mno, ya mbao ghali na ya mbao rahisi. Fundi Antonio de Torres wa Uhispania alikuwa ametangulia: mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuonyesha kwamba ubao wa mbele ndio wenye kazi kubwa.

Nanyi fanyeni hivyo. Mtu mmoja apige magitaa nyuma ya pazia, wengine waandike walichosikia kabla ya yeyote kufungua mdomo. Mwenye kuamini mpingo na mwenye kuamini mninga watajua ukweli jioni hiyo hiyo.

4. Badilini kitu kimoja tu

Ukibadilisha mti, gundi na unene kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta tofauti. Mkibishania gundi, chukueni vipande vya mti mmoja vilivyopigwa randa na mkono mmoja, mviunganishe kwa gundi hizo mbili, viacheni vikauke, kisha vivunjeni. Mbao zikivunjika na kiungo kikabaki, gundi imefanya kazi yake. Kiungo kikiachia, kagueni gundi na randa vyote viwili.

5. Chunga ulimi

Usimkosoe fundi mwenzako mbele ya mteja wake. Unamharibia riziki, na hatakuonyesha kazi yake tena. Mvute pembeni. Ukishindwa kwa ushahidi, sema wazi kwamba umeshindwa. Na mbinu uliyofundishwa na mwingine, mtaje aliyekufundisha kila unapoifundisha. Mafundi hufungua mioyo kwa mtu asiyeiba jina lao.

6. Weka daftari

Kwa kila gitaa andika mti, unene, gundi, tarehe na kasoro iliyojitokeza baadaye. Kasoro ndizo zenye mafunzo makubwa kuliko sifa, kwa hiyo usizifiche. Kisha daftari hilo mpe kijana alisome.

Fundi mwenzangu, usiogope kwamba ukitoa siri utakosa wateja. Wateja watakufuata kwa mkono wako, na mkono hauibiki. Siri isiyofundishwa huzikwa na mwenyewe. Wiki hii mwite fundi mmoja mnayepingana naye, aje na gitaa lake, nawe utoe lako. Kaeni msikilize.