Casablanca kwa Kombe la Dunia 2030: panga kwanza njia ya kurudi

Kombe la Dunia la 2030 litachezwa Morocco, Hispania na Ureno, isipokuwa mechi tatu za mwanzo zitakazopigwa Amerika ya Kusini. Kama unaifikiria Casablanca, anza kujipanga mapema.

Tiketi ya mechi inanunuliwa wapi? Fuata tovuti ya FIFA. Mtu akikuuzia tiketi kabla FIFA haijatangaza mauzo, hata awe rafiki wa rafiki, usimpe senti.

Je, tiketi inatosha kuingia nchini? Usiitegemee kama viza. Uliza ubalozi wa Morocco pasipoti yako inahitaji nini, na hakikisha ina angalau miezi sita kabla ya kuisha muda. Hapa ndipo watu wataumia: timu yako ikipangiwa Madrid au Lisbon, utahitaji viza ya Schengen, yaani kibali kimoja cha kuingia nchi nyingi za Ulaya. Ada yake sasa ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudishwi. Ukikusudia kuvuka kwenda Hispania kisha urudi Morocco, na pasipoti yako inahitaji viza ya Morocco, omba viza hiyo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ile ya mara moja huisha kazi ukishatoka.

Pesa yao ni dirham, na dola moja hupata kama dirham 9 hadi 10. Sheria hairuhusu kutoka nayo nyingi nchini, kwa hiyo badilisha ukishafika, kidogo kidogo, na utunze risiti ili ubadilishe kilichobaki siku ya kuondoka.

Uwanja wa ndege wa Mohammed V uko mbali na mji, ila una stesheni ya treni. Nauli hadi stesheni ya Casa-Voyageurs ni kama dirham 50. Ningekushauri ulale karibu na stesheni hiyo, hata chumba kikiwa cha kawaida tu, kwa sababu treni za miji mingine na tramu, treni ndogo ya barabarani, zinapita hapo. Tramu ni dirham 8 kwa safari.

Kwa nini nasisitiza treni? Uwanja mkubwa wa Hassan II unajengwa Benslimane, kama kilomita 38 kutoka Casablanca, kwa ajili ya watazamaji 115,000. Pata picha ya umati huo ukitoka usiku kwa pamoja! Kabla hujalipia chumba, jua utarudi vipi na usafiri wa mwisho unaondoka saa ngapi.

Ndani ya mji kuna teksi ndogo nyekundu, zinazobeba abiria watatu tu. Kabla gari halijaondoka, mwoneshe dereva mita, kile kisanduku cha kuhesabu nauli, na useme “compteur”. Wengi wanajua Kifaransa. Kuanzia saa 2 usiku nauli hupanda kwa nusu, na huo si wizi. Dereva pia anaweza kuokota abiria njiani. Ukimkuta mwenzako ndani, soma mita inasema ngapi unapoingia, ulipe kuanzia hapo.

Tiketi za FIFA siku hizi hukaa ndani ya simu. Beba pawabenki, betri ya akiba ya kuchajia, na uifungue tiketi yako kabla hujafika getini, maana mtandao huzidiwa penye watu wengi.