Kabla ya Kadi, Soma Kibandiko

Mdogo wangu wa Mabawe, huko Ngara, ujumbe wako nimeusoma wote. Umeanza kupata kazi za kuhariri video za harusi, Dell OptiPlex 9020 yako inajikongoja, na kuna mtu Mwanza anakuuzia kadi ya RX 580 iliyotumika kwa bei unayoimudu. Unaniuliza kama kadi hiyo ni nzuri. Ni nzuri. Ila pawasaplai hujaitaja hata mara moja, na hapo ndipo vijana wengi wanapoumia.

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa kava. Lile boksi la bati lenye feni, unapoingilia umeme, ndiyo pawasaplai, nalo lina kibandiko. Wengi husoma namba moja tu, ile kubwa ya wati. Wewe tafuta palipoandikwa +12V, kwa sababu prosesa na kadi zote mbili zinakula kutoka hapo. Chukua ampea zilizoandikwa chini yake, uzidishe kwa 12. Nimeona pawasaplai zimeandikwa 500W kwa herufi za kung'aa, ukishuka kwenye +12V unakuta 20A. Hizo ni wati 240 basi. Nyingine zimehesabiwa kwenye volti 5 na 3.3, ambazo kadi haina kazi nazo. Boksi la namna hiyo nalo huwa jepesi mno mkononi.

Sasa piga hesabu yako. RX 580 inakula wati 185. Prosesa ya i5-4590, kama ndiyo uliyonayo, imepangiwa 84. Mazabodi, ramu, diski na feni, weka 50. Umeshafika karibu 320, na pawasaplai iliyokuja na 9020 ya kava refu ni ya wati 290. Tena kadi hailambi umeme kwa kiwango kimoja. Ukianza kutoa video inaruka juu ghafla, ikitulia inashuka. Pawasaplai ikishindwa kuimudu miruko hiyo, kompyuta inazima pu! bila ujumbe wowote kwenye skrini, nawe unaanza kulaumu Windows. AMD wenyewe walipendekeza pawasaplai ya wati 500 kwa kadi hiyo. Ziwe 500 za kweli, yaani +12V isipungue ampea 38 hivi.

Halafu kuna suala la waya. RX 580 inataka plagi ya pini 8 kutoka kwenye pawasaplai, na hiyo Dell yako haina. Muuzaji atakwambia, "Hakuna shida, kuna kiunganishi, unachomeka kwenye waya wa diski." Kataa, mdogo wangu. Plagi ya SATA, ile bapa, imeundwa kupitisha takriban wati 54 kwenye volti 12. Plagi ya pini 8 ya kadi inaruhusiwa kuvuta hadi 150. Plastiki inalainika, inayeyuka, na moto unaweza kuanzia hapo hapo ndani ya chumba unacholala.

Ukiamua kununua pawasaplai mpya, jua pia kwamba zile za kawaida huja na plagi kuu ya pini 24, ilhali mazabodi ya 9020 ina pini 8 za mpangilio wa Dell. Hapo kiunganishi kinahitajika kweli, cha 24 kwenda 8. Kiagize siku hiyo hiyo. Ukikisahau, vifaa vyako vitakaa mezani vikisubiri basi jingine kutoka Mwanza.

Na umeme wenu nao tuuseme. Ngara mna bahati ya kuwa na Maporomoko ya Rusumo, mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini umeme kuzalishwa jirani hakumaanishi kwamba kwenye soketi yako utakuwa umetulia. Nyumba ikiwa mbali na transfoma, jioni kila mtu anapowasha vyake, volti 230 zinashuka. Kwa hiyo kwenye kibandiko angalia pia upande wa kuingiza umeme. Palipoandikwa 100–240V, hiyo itavumilia kushuka huko. Ile yenye swichi ndogo nyekundu nyuma, ya 115 na 230, mimi singeichukua kwa Mabawe. Mtu akiigusa ikaenda 115, ukachomeka ukutani, inapasuka papo hapo. Umeme ukikatika, chomoa kabisa. Unaporudi ndipo huunguza vitu.

Sasa nikwambie ninavyoona mimi kama dada yako. Achana na RX 580. Nyingi zilizo sokoni zilifanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za Ethereum, hadi uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022, na feni zake zimechoka. Kazi yako ni harusi na sendoff, huchezi magemu makubwa. Tafuta GTX 1650, ile isiyohitaji waya wa ziada. Inakula wati 75, zote inazipata kwenye mazabodi. Rudia hesabu: 75, na 84, na 50, ni 209. NVIDIA wanapendekeza 300 kwa kadi hiyo, lakini pawasaplai ya Dell ya 290, ikiwa ni ile yake halisi na bado nzima, inaibeba. Hizo 290 za kweli nazithamini kuliko 500 za kibandiko. Pesa utakayookoa nunua diski ya nje, kila harusi uinakili humo kabla hujaanza kukata. Pawasaplai ikifa vibaya inaweza kuondoka na diski ya ndani, na harusi ya mtu hairudiwi.

Angalizo moja la mwisho: GTX 1650 zipo za aina mbili, na baadhi zimewekewa tundu la pini 6. Kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji akupigie picha ya ukingo wa juu na wa nyuma wa kadi. Ukiona tundu la waya, mwombe nyingine. Na picha ya kibandiko cha pawasaplai yako nitumie mimi, isomeke vizuri.