Kulisoma Neno Nyumbani, Watu Wachache Pamoja

Mwezi huu tuitazame habari ya Wakristo wachache wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao ili kulisoma Neno la Mungu. Wako wasemao: Kanisa lipo, ibada ya Jumapili ipo, mahubiri twayasikia, mkutano wa nyumbani ni wa nini tena? Wengine wauogopa, wakisema ndio mlango wa mafarakano. Maneno haya mawili yafaa yajibiwe, maana la kwanza si kweli, na la pili lina kweli ndani yake.

Kwanza tukumbuke ya kuwa Wakristo wa mwanzo walikutana katika nyumba za watu. Paulo anapopeleka salamu Rumi alitaja kanisa la nyumbani mwa Prisila na Akila (Rum. 16:3-5), mahali pengine alitaja lile la nyumbani mwa Nimfa (Kol. 4:15), tena lile la Filemoni. Lakini nataka tukae zaidi juu ya Mdo. 18:24-28. Apolo alikuwa mtu wa Iskanderia, hodari wa kusema, mwenye kuyajua sana Maandiko. Walakini katika habari za ubatizo aliujua ule wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia katika sinagogi la Efeso, wakatambua lililopungua. Hatusomi ya kuwa walisimama kumkanusha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamfafanulia yale asiyoyajua. Mtu na mkewe, ambao kazi yao ni kushona mahema, wakamfundisha msomi, naye akakubali! Je, jambo hili lingewezekana sinagogini, mbele ya macho ya wote? Mimi sidhani. Mwenye elimu akisahihishwa hadharani hujitetea. Akisahihishwa jamvini, penye watu wampendao, husikia.

Na asiye na elimu je? Yeye ana haja kubwa zaidi. Kanisani mmoja husema na mia husikiliza, wala sisemi utaratibu huo ubadilishwe. Lakini asiyeelewa akaulize wapi? Mama mmoja mzee katika usharika wetu alikuwa amekaa muda mrefu bila kuikaribia Meza ya Bwana. Wazee walimwonya, akanyamaza. Siku moja, kundi la jirani zake likisoma Mt. 6, akauliza kwa sauti ndogo kama mtu mwenye deni dukani aweza kusamehewa na Mungu kabla hajalilipa. Kumbe kila tuliposali Sala ya Bwana, alipolisikia neno deni alidhani ni lile la chumvi na mafuta ya taa, naye alikuwa hana fedha. Hakuna aliyecheka. Walifungua Katekismo Ndogo, wakasoma maelezo ya ombi la tano, wakamwonyesha ya kuwa habari yenyewe ni dhambi zetu. (La mwenye duka alilipa baadaye, kidogo kidogo, maana nalo ni wajibu.) Mimi nilikuwa nimehubiri juu ya sala ile mara nyingi, na mahubiri yangu hayakulifikia swali lake, kwa kuwa halikuwa limeulizwa.

Tena wenye kukutana hivyo hujuana. Mmoja asipoonekana, jirani huenda kumtazama.

Katika Kanisa letu la Kilutheri jambo hili si geni. Martin Luther mwenyewe, katika utangulizi wa utaratibu wa ibada ya Kijerumani wa mwaka 1526, alitaja mkutano wa Wakristo wenye bidii nyumbani, ila alisema hajawapata bado watu wa kuuanza. Mwaka 1670 mchungaji Philipp Jakob Spener akaanza kuwakusanya watu nyumbani kwake katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mara mbili kwa juma. Walianza wasomi, hata wakaja mafundi na watumishi. Wanawake waliruhusiwa kusikia, wasipewe nafasi ya kusema. Katika hilo naona walimsahau Prisila. Mwaka 1675 Spener alitoa kitabu akiwaomba wachungaji wote wafanye vivyo hivyo.

Walakini baadhi ya watu wa Frankfurt walijiona kuwa watakatifu kuliko wenzao, wakaiacha Meza ya Bwana, wakajitenga na Kanisa. Spener alihuzunika sana, lakini hakusema mikutano ikomeshwe. Katika nchi ya Württemberg watawala walitoa amri mwaka 1743: mikutano ya nyumbani iruhusiwe, ila mchungaji awe na habari nayo na kuiangalia. Katika nchi hiyo, miongoni mwa Wakristo waliolelewa kwa desturi ile, alitoka Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Basi mwalimu aliogopaye kundi la nyumbani asilifunge, aende akae nalo. Kundi lililofichwa ndilo hujitenga upesi.

Anayetaka kuanza, watu 8 au 10 watosha. Wakizidi, wanyamavu watarudia kunyamaza. Someni sura moja, fungu kwa fungu. Asiyejua kusoma asomewe, kisha aombwe aeleze alichosikia. Saa yenu isigongane na ibada. Mwenye nyumba asilazimishwe kupika. Nimeona makundi yaliyokufa kwa ajili ya chai na maandazi, kila nyumba ikitaka kuipita ya jirani, hata maskini wakaona haya kuipokea zamu yao. Swali lililowashinda liandikwe, lipelekwe kwa mchungaji. Kwa mwanzo nawashauri Waraka kwa Wafilipi, wenye sura 4, yaani majuma manne. Na kabla yake someni Mdo. 16:11-40, mwone jinsi usharika ule ulivyopata pa kukutania nyumbani kwa Lidia.