SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: MWANAMKE KATIKA UDEREVA WA LORI LA MAZAO

Madhumuni ya somo

Somo hili ni kwa ajili ya vikundi vya kujisomea vya vyama vya msingi katika bonde la Kilombero, na hasa vile vya Malinyi. Baada ya kulisoma na kulijadili, wanachama watarajiwa kuweza:

(a) kukadiria hasara ya chama kinachotegemea dereva mmoja;
(b) kueleza sababu zilizowaweka wanawake mbali na usukani wa lori;
(c) kutaja hatua za mwanamke anayeacha kazi nyingine ili awe dereva;
(d) kupanga wajibu wa chama, wa dereva mwenyewe na wa kaya yake.

1. Mazao na njia

Malinyi ni nchi ya mpunga. Kuanzia Itete na Mtimbira hadi Sofi na Ngoheranga, kaya nyingi hupata chakula na fedha kutokana na zao hilo, pamoja na ufuta na mahindi. Zamani mzigo ulisafiri kichwani au katika mitumbwi ya Wandamba. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilileta usafiri mpya bondeni, lakini hupita Ifakara na Mlimba, ng'ambo ya pili ya mto. Kwa hiyo mpunga wa Malinyi ulibaki ukingoja kivuko. Januari 2016 kivuko hicho kilipata ajali, na wanachama wengi wanakumbuka hofu iliyofuata. Daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa tarehe 5 Mei 2018, liliondoa kikwazo hicho.

Hata hivyo, daraja halibebi gunia. Baada ya mavuno jambo moja hubaki lile lile: mzigo uondoke kabla mvua hazijaanza kuharibu barabara za udongo. Lori bila dereva ni ghala lenye magurudumu.

2. Hesabu ya kufundishia

Ichukuliwe kuwa chama kimoja kina lori la tani 7, na ghalani mna magunia 2,100 ya kilo 100 kila moja, yaani tani 210. Mzigo huo wahitaji safari 30. Kila safari ya kwenda Ifakara, kupakua na kurudi huchukua siku 2. Kwa kufanya kazi siku 6 kwa juma, kazi yote itachukua majuma 10. Ikianza katikati ya Agosti, itakwisha mwishoni mwa Oktoba.

Sasa ichukuliwe kuwa dereva anaacha kazi baada ya juma la 4, kwa kuwa amepata mshahara mkubwa zaidi katika barabara kuu. Amekwisha kufanya safari 12; zimebaki 18, yaani magunia 1,260. Kumtafuta dereva mwingine huchukua majuma 4. Safari zilizobaki zahitaji majuma 6. Kazi itakwisha mwishoni mwa Novemba, wakati mvua zimekwisha kukaribia na pengine kuanza.

Kamati ikiogopa mvua, itakodi lori la mtu binafsi. Tuseme lori la chama hugharimu shilingi 4,000 kwa gunia, na la kukodi shilingi 7,000. Tofauti ni shilingi 3,000 kwa gunia. Kwa magunia 1,260, chama kimepoteza shilingi 3,780,000. Fedha hizo zimetoka katika malipo ya mkulima, ingawa hakuna aliyeziiba.

Kila kikundi kibadilishe tarakimu hizi na kuweka zile za chama chake. Kisha kiulize gharama ya kumsomesha dereva wa pili, na kuziweka hesabu hizo mbili bega kwa bega.

3. Kwa nini usukani umekuwa wa wanaume

Mwanachama akiulizwa kwa nini hakuna mwanamke anayeendesha lori la kijiji, aghalabu hujibu kuwa kazi hiyo yataka nguvu. Jibu hilo lichunguzwe. Malori mengi ya siku hizi yana usukani unaosaidiwa na mtambo, na kiti husogezwa kulingana na kimo cha dereva. Tairi la lori ni zito kwa kila mtu. Hubadilishwa kwa jeki, spana na bomba refu la kuongezea nguvu, tena kwa watu wawili. Mama anayepalilia mpunga tangu asubuhi hadi jioni, kisha akabeba mzigo wa kuni, hawezi kuambiwa kuwa hana nguvu.

Sababu iliyo kubwa zaidi ni njia ya kuingilia katika kazi. Kwa desturi dereva wa lori huanza akiwa utingo. Kijana hupanda juu ya mzigo, hufunga turubai, huweka mawe nyuma ya magurudumu, hulala ndani au chini ya lori, na jioni moja, mahali pasipo na watu, dereva humwachia usukani. Baada ya miaka kadhaa ameijua kazi. Njia hiyo haikupata kuwa wazi kwa msichana. Wazazi hawakubali alale barabarani pamoja na wanaume wasiowajua, na mara nyingi wana haki ya kukataa. Basi mlango wa kwanza ulipofungwa, milango iliyofuata haikufikiwa.

Mahali ambapo mafunzo yalitolewa kwa utaratibu, wanawake waliendesha. Huko Texas, Marekani, Lillie Drennan alipata leseni ya kuendesha lori la biashara mwaka 1929. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake wa Uingereza waliingizwa katika jeshi na kufundishwa udereva na ufundi wa magari. Miongoni mwao alikuwa binti mfalme Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia, aliyejiunga mwaka 1945. Hapa Tanzania, katika migodi ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, wako wanawake wanaoendesha malori ya machimboni ambayo ni makubwa kupita lori lolote lililopata kufika Malinyi. Mifano yote hii yafundisha jambo moja: penye shule ya kazi, jinsia ya mwanafunzi haizuii usukani kugeuka.

4. Hatua za kujifunza

Mwanamke anayefikiria kuacha biashara ya mama lishe, kushona au uchuuzi wa mpunga ili awe dereva, yampasa ajue kuwa safari hii ina vituo.

Kituo cha kwanza ni afya, na hasa macho. Cha pili ni leseni ya kujifunzia, kwani Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu mtu kujifunza barabarani pasipo kibali. Cha tatu ni mafunzo katika chuo kinachotambuliwa. Vyuo vya VETA, vilivyowekwa chini ya sheria ya mwaka 1994, hufundisha udereva. Hali kadhalika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975. Cha nne ni kupata leseni ya magari madogo na kuitumia. Leseni ya magari makubwa ya mizigo, ambayo ni daraja E, huja baada ya hapo. Anayemwahidi mwanafunzi leseni ya lori kwa juma moja anamwuzia karatasi. Na karatasi haishiki breki mteremkoni.

Kituo cha tano husahauliwa mara nyingi. Dereva aliyetoka chuoni anajua alama za barabarani, lakini hajaonja tope jeusi la bondeni. Utingo wa zamani anajua tope, lakini pengine hana leseni. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefaulu apangiwe msimu mmoja kamili pamoja na dereva mzoefu wa chama. Humo ajifunze kupanga mzigo ili usilemee upande mmoja, kushuka mlima kwa gia ndogo, kusoma kina cha maji kabla ya kuvuka, na kukataa gunia la lumbesa. Lumbesa humdhulumu mkulima, kwa kuwa sheria ya vipimo yataka gunia lisizidi kilo 100; tena huvunja springi na kumtia dereva matatani kwenye mizani.

Ikumbukwe pia kuwa anayebadili kazi haji mikono mitupu. Aliyekuwa mchuuzi wa mpunga anajua wanunuzi, bei na ujanja wa mizani. Aliyekuwa mama lishe amezoea kutunza fedha ndogo bila kupotea. Stadi hizo zafaa sana kwa dereva anayekabidhiwa mafuta, stakabadhi na mali ya watu mia.

5. Wajibu wa chama

Kanuni ya kwanza ya ushirika duniani, kama ilivyotamkwa mwaka 1995, yataka uanachama uwe wazi kwa wote pasipo ubaguzi wa jinsia. Kanuni ya tano yataka elimu na mafunzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo yakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia au ujauzito. Chama kinachotangaza nafasi ya "dereva wa kiume" kimevunja kanuni zake na sheria za nchi kwa pamoja.

Kamati ifanye yafuatayo:

(a) Gharama ya mafunzo iingizwe katika makisio na kupitishwa na Mkutano Mkuu. Kama mkopo utahitajika, usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis.

(b) Mwanafunzi achaguliwe kwa usaili ulio wazi. Asiwe mke wa mwenyekiti wala binti wa meneja kwa sababu hiyo tu.

(c) Mkataba uandikwe. Chama kikilipa ada, ni haki kuomba dereva akitumikie kwa misimu kadhaa. Si haki kumfunga kwa deni lisilokwisha.

(d) Ratiba za safari zifuate sheria. Saa za kazi za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, na pamoja na saa za ziada zisizidi 12 kwa siku. Mjamzito asipangiwe kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua, na likizo yake ya uzazi ni siku 84 zenye malipo.

(e) Mahali pa kulala na pa kuoga patafutwe Ifakara kabla ya safari ya kwanza. Utingo atakayefuatana naye ateuliwe kwa adabu yake, na malalamiko ya kusumbuliwa yapokelewe na mtu anayejulikana, wala yasichekwe kikaoni.

6. Wajibu wa dereva na wa kaya

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwanamke anayeshika usukani asitazamie kuhurumiwa katika mambo ya kazi. Kila asubuhi akague mafuta, maji, breki, matairi na taa. Ajaze daftari la safari. Akatae kuendesha lori bovu hata meneja akiamuru.

Katika kaya mazungumzo yafanyike mapema. Nani atabaki na watoto siku mbili za safari? Nani atapokea zamu ya shamba? Hapa majira ya bonde yana msaada wake. Miezi ya kulima, kupanda na kupalilia ni ile ya mvua, ambapo lori la mazao husimama sana. Na miezi ya lori kufanya kazi ni ile ambayo mpunga umekwisha kuvunwa. Dereva wa chama aweza kubaki mkulima, mradi mkataba wake useme wazi atalipwa nini katika miezi ya masika.

Mume au wazazi waliohusishwa tangu mwanzo hulinda jina la dereva kijijini. Wasiohusishwa huwa wa kwanza kuamini uvumi.

Muhtasari

Mazao yakichelewa, mkulima hulipa. Chama chenye dereva mmoja kimeweka mavuno yake katika mfuko wa mtu mmoja. Nusu ya watu wanaoweza kufundishwa kazi hiyo wameachwa nje kwa sababu ya njia ya utingo, wala si kwa sababu ya upungufu wa nguvu au akili. Chama kikifungua njia ya shule, na kukamilisha shule hiyo kwa msimu wa mazoezi, kitapata madereva walio wanachama, wenye shamba na kaya katika kijiji kile kile ambako mpunga unangoja.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika msimu uliopita, lori lililobeba mazao ya chama chenu lilisimama siku ngapi kwa kukosa dereva? Hasara ilikuwa shilingi ngapi?
2. Je, katika chama chenu wako wanawake wanaotaka kujifunza udereva? Wamewahi kuulizwa?
3. Mwanachama mmoja anasema: "Tukimsomesha, ataolewa na kuhama." Mwingine anajibu: "Hata yule mwanamume alihama." Pimeni hoja zote mbili.
4. Andikeni vipengele vitano ambavyo lazima viwemo katika mkataba wa mafunzo ili chama kisipunjwe na dereva asidhulumiwe.
5. Andaeni hoja moja ya kupeleka kwenye Mkutano Mkuu ujao, pamoja na makisio yake.