JE, EDISON ASTAHILI SIFA YA TAA YA UMEME?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu Chama chetu cha Majadiliano kilikuwa na hoja hii: "Baraza hili laona ya kuwa Thomas Edison hastahili kuitwa mvumbuzi wa taa ya umeme." Mimi nalichaguliwa kuwa mpendekezaji. Tulishinda kwa kura 61 dhidi ya 48, na bweni letu lilishangilia hadi kengele ya kulala. Lakini ushindi ule haukuniridhisha, na wasomaji wataona kwa nini.

Mambo niliyoyasema yalikuwa kweli. Mwanzoni mwa karne ya 19 Humphry Davy wa Uingereza alikuwa amekwisha kuonyesha ya kuwa umeme waweza kutia madini moto mpaka yang'ae. Mwaka 1874 Henry Woodward na Mathew Evans wa Toronto, Kanada, walipata hataza ya taa yao, yaani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, na baadaye Edison akainunua haki hiyo. Joseph Swan alionyesha taa yake hadharani mjini Newcastle mapema mwaka 1879. Edison hakufaulu na uzi wake wa pamba uliochomwa kuwa kaboni mpaka Oktoba mwaka huo huo. Nikamaliza kwa sauti kubwa kwamba mtu aliyefika wa mwisho karamuni ndiye aliyeondoka na sufuria. Watu wakacheka sana, nami nikaketi.

Ndipo mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili, mdogo wa umbo, akanyosha mkono. "Bwana Mwenyekiti, ikiwa taa zilikuwapo tayari, mbona watu waliendelea kuwasha gesi majumbani?"

Nalimjibu kwa mzaha, kwamba labda waliipenda harufu yake. Watu wakacheka tena. Kusema kweli, sikuwa na jibu.

Swali lile lilinikosesha usingizi. Siku ya pili nikamwendea mwalimu wetu wa Fizikia. Hakunijibu, bali alinipa chaki akasema, "Piga hesabu."

Basi, msomaji, na tuipige pamoja. Tuseme taa moja yahitaji wati 100. Ukitumia kaboni nene, kama ile ya taa za kwanza za Swan, ukinzani wake ni mdogo. Tuchukue omu 1. Taa hiyo itataka ampea 10 kwa volti 10. Sasa chukua uzi mwembamba wenye ukinzani wa omu 100. Utapata wati 100 zile zile kwa volti 100, na ampea 1 tu. Taa hizi mbili zatumia nguvu sawa, lakini zitazame nyaya ziletazo umeme kutoka mtamboni. Nguvu inayopotea njiani kwa kugeuka joto hufuata kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiwa mara 10, hasara ni mara 100. Ili hasara ilingane, waya wa taa ya kwanza hauna budi kuwa na shaba mara 100 ya ule wa pili. Wazia mtaa mzima wa taa kama hizo. Nani angelipa shaba yote hiyo?

Kumbe taa ilikuwapo, ila ilikuwa taa ya meza ya maonyesho. Edison alianza na bei ya shaba, akarudi nyuma mpaka kwenye uzi. Akaongeza mita, fyuzi, na nyaya za kupita chini ya ardhi. Tarehe 4 Septemba 1882 kituo chake cha Pearl Street, New York, kikaanza kuwasha taa zipatazo 400 za wateja.

Hata hivyo sikuhama upande kabisa. Hesabu kama hizi huko Menlo Park zilifanywa pia na Francis Upton, bingwa wa hisabati, na darasani kwetu hapakuwa na hata mmoja aliyelijua jina lake. Lewis Latimer, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walitoroka utumwa, alipata hataza mwaka 1882 kwa njia bora ya kutengeneza kaboni za taa, naye hakuwa mtu wa Edison wakati huo. Swan naye alihamia kwenye nyuzi nyembamba, na mwaka 1881 taa zake zikamulika ukumbi wa michezo wa Savoy, London. Mwaka 1883 kampuni zao za Uingereza ziliungana, na taa zikaitwa Ediswan. Kwangu mimi hilo ndilo jina lenye haki kuliko yote niliyoyasoma.

Juzi nalimtafuta yule ndugu mdogo kwenye foleni ya chakula, nikamwomba radhi kwa mzaha wangu, nikampa karatasi ya hesabu. Akaitazama mpaka foleni ikatupita.

"Kaka," akasema, "kama volti kubwa ni nafuu hivi, mbona Edison aliishia kwenye 110 tu?"

Nimerudi kwa mwalimu kuomba chaki.