Vidonge vya Damu na Makopo ya Stendi

Mama mjamzito wa Mwenge anatoka kliniki, mkobani ana vidonge vya kuongeza damu alivyopewa bure. Karibu na stendi anasimamishwa na muuza makopo ya virutubisho: hili la nguvu, hili la kusafisha damu, hili la kutoa sumu mwilini. Akifika nyumbani, vidonge vinawekwa kabatini kwa kuwa vinamchefua, na kopo ndilo analotumia. Hapo ndipo tunapokosea.

Sumu mwilini huchujwa na ini na figo, usiku na mchana, bila kopo. Na anayekuuzia kopo hajapima damu yako. Kliniki wameipima: kwa mjamzito, wingi wa damu ukishuka chini ya gramu 11 kwa desilita, ana upungufu.

Kidonge cha kliniki kina madini chuma na asidi ya foliki. Chuma hujenga damu ya mama na mtoto. Foliki humkinga mtoto na mgongo wazi, na kazi hiyo huifanya wiki za mwanzo kabisa, mara nyingi mama hajajijua kuwa ana mimba. Kwa hiyo anayepanga kuzaa aiulizie mapema. Kidonge kikikuchefua, kimeze usiku baada ya kula. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma hicho. Meza kwa maji au juisi ya chungwa. Chai isubiri kwa muda wa kama saa 2, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Udongo wa pemba nao ni hivyo hivyo, mama, tafadhali uache.

Kidonge hakichukui nafasi ya sahani. Fungu la matembele, dagaa, maharage yaliyokamuliwa ndimu: hela ya kopo moja hununua mboga za siku nyingi.

Watoto nao wana nyongeza yao kliniki: wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5 hupewa matone ya vitamini A mara 2 kwa mwaka, Juni na Desemba. Wapeleke na kadi zao. Usiwaongezee mwenyewe nyumbani, kwani vitamini A ikizidi hudhuru.

Vidonge vya chuma vifungie juu, mbali na watoto. Vichache tu vyaweza kumuua mtoto mdogo. Akivimeza, anaweza kutapika, kisha aonekane amepona; usidanganyike. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheza.